Anayebadilisha pedi za breki nyumbani asiishie kwenye pedi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja ya wenye magari wanaobadilisha wenyewe pedi za breki nyumbani. Wapo wanaotaka kazi hiyo waachiwe mafundi peke yao, na wapo wanaosema ni kazi ndogo ya kufungua na kufunga. Naona wote wanaangalia spana, ilhali uzito wa kazi hii uko katika kutambua kwa nini pedi za zamani ziliisha jinsi zilivyoisha.

Pedi mpya kwa kawaida huwa na milimita 10 hadi 12 za sehemu inayosugua diski, yaani sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, bila kuhesabu bati la nyuma, na zikibaki milimita 3 hivi ni wakati wa kuzibadilisha. Sasa mtu akifungua gurudumu akakuta pedi ya ndani imeliwa hadi inakaribia chuma, na ya nje bado nene, huenda pini ambazo kalipa, kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, huteleza juu yake zimeganda, au pistoni inayozisukuma pedi ndani ya kalipa hairudi inavyotakiwa. Akifunga pedi mpya bila kuzichomoa pini hizo, kuzisafisha na kuzipaka grisi inayostahimili joto, pedi mpya nazo zitaliwa upande mmoja vivyo hivyo, na huenda diski ikapata moto kupita kiasi. Nathubutu kusema kwamba hapa mwenye gari mvumilivu anaweza kumshinda fundi mwenye haraka, kwa kuwa hana foleni ya magari inayomsubiri nje. Aiangalie na diski pia: ina mitaro? Ina nyufa? Unene wa chini unaoruhusiwa mara nyingi huwa umeandikwa kwenye diski yenyewe.

Kuhusu usalama wa kuinua gari sina mengi ya kusema. Jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndiyo ya kubebea, na magurudumu yaliyobaki chini yawekewe vizuizi. Pedi zibadilishwe kushoto na kulia kwa pamoja, la sivyo gari linaweza kuvutwa upande mmoja likifungwa breki.

Kalipa ikishatolewa isiachwe ining'inie kwa mpira wake wa mafuta, bali ifungwe kwa waya kwenye springi. Pistoni inaporudishwa ndani, mafuta ya breki hupanda katika chupa yake, na yakifurika hubabua rangi ya gari, kwa hiyo chupa hiyo itazamwe muda wote pistoni inaposukumwa. Vumbi lisipulizwe kwa upepo wala kwa mdomo. Linyunyiziwe dawa ya kusafishia breki kisha lifutwe, maana si la kuvutwa puani.

Lakini hatari ninayoiogopa kuliko zote huja kazi ikiwa tayari imekwisha, vifaa vimekusanywa na mtu anataka kulijaribu gari. Pistoni imesukumwa ndani na iko mbali na pedi, hivyo mguu wa kwanza kwenye breki unaweza kuzama hadi sakafuni bila gari kushika. Pedali ikanyagwe polepole, tena na tena, mpaka iwe ngumu, na hilo lifanyike kabla gari halijasogea hata hatua moja. Ikiendelea kuwa laini, kuna hewa katika mfumo au kuna mahali panapovuja, na gari hilo lisiingie barabarani. Hata pedali ikiwa ngumu, pedi mpya hazishiki kikamilifu mara moja. Zinahitaji kuzoeshwa diski kwa kupunguza mwendo kwa upole mara kadhaa, tuseme kutoka kilomita 50 kwa saa, na kuziacha zipoe katikati.

Mahali pekee ninapokubaliana na wanaotaka kazi hii iachiwe fundi ni breki za nyuma za magari ambayo breki yake ya kuegeshea huendeshwa kwa mota ya umeme. Mara nyingi magari hayo hutaka mota irudishwe kwanza kwa utaratibu wa mtengenezaji, wakati mwingine kwa kompyuta, na anayelazimisha pistoni kwa jiriwa anaweza kuivunja mota. Kabla ya kununua pedi za nyuma, mwenye gari na asome kwanza kitabu cha gari lake ajue breki yake ni ya aina gani.

Ni mimi msomaji wako.