Malalamiko kuhusu vitasa na sensa za masafa ya Marekani

Shanty Town,
Moshi.
10 Machi 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: VITASA NA SENSA ZISIZOSHIKA MAWASILIANO

Nimeshapiga simu dukani kwenu kuhusu vitasa na sensa za mawasiliano yasiyo na waya nilizonunua kwenu, nimewaandikia WhatsApp, na fundi wenu ameshafika hapa Moshi. Jibu ni lile lile: kuta za nyumba yangu ya wageni ni nene, ninunue ripita, yaani kifaa cha kupokezana mawimbi. Ripita haitasaidia kitu, na sababu yake naieleza hapa kwa maandishi ili asiwepo tena wa kusema hakuelewa simu.

Kabla sijalipa nilimuuliza mhudumu wenu swali moja tu. Nyumba ni ya mawe, ya zamani, na vyumba vya wageni viko nyuma ya ua; ni mawasiliano gani yatafika huko? Akanishauri nichukue Z-Wave, teknolojia ya vifaa vya nyumbani kuwasiliana bila waya, kwa kuwa masafa ya mawimbi yake ni ya chini kuliko ya Wi-Fi na hupenya ukuta vizuri zaidi. Ushauri ule ulikuwa wa kweli na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni juu ya kilichotiwa kwenye boksi.

Kifaa kikuu mlichonipa, kile kinachoongoza vitasa na sensa zote, kimeandikwa 868.42 MHz, ambayo ni masafa ya Z-Wave ya Ulaya. Vitasa vyote, pamoja na sensa za mlango na za kuvuja kwa maji, vimeandikwa 908.42 MHz, masafa ya Marekani. Maandishi ni madogo na yamejificha chini ya mfuniko wa betri, lakini yapo, na picha zake nimeziambatanisha. Vifaa vya namna hii havisikilizani hata ukiviweka kwenye meza moja bila ukuta wowote katikati. Ndivyo nilivyomwonyesha fundi wenu, pale sebuleni. Akasema ni betri. Zikatiwa betri mpya. Akasema huenda ni baridi ya mlima. Baridi ya mlima, ndugu Meneja, ndani ya sebule, mwezi wa Februari!

Sasa turudi kwenye ripita. Kazi yake ni kupokea ujumbe na kuurusha mbele. Ya 868 haitasikia lolote kutoka kwenye kitasa cha 908, na ya 908 haitaweza kuongea na kifaa kikuu. Mnataka kunipandisha daladala ya Himo na mimi naenda Machame.

Kuna jambo lingine ambalo kwangu ni zito zaidi. Msije mkadhani dawa ni kuniletea kifaa kikuu cha Kimarekani ili vyote vifanane. Simu za mkononi hapa nchini zinatumia pia bendi ya 900, na kati ya 880 na 915 MHz ndipo simu inaporusha mawimbi kwenda mnarani. Masafa ya 908.42 yamo humo humo. Mgeni akipiga simu akiwa amesimama mlangoni, simu yake na kitasa changu vitagombania njia moja. Fundi alinijibu kwamba vitasa vina alama ya FCC. Alama ile ni ya mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. FCC ya kwetu ni Tume ya Ushindani, inayoshughulika na haki za mlaji, na huenda tukakutana huko. Vifaa vya mawasiliano vinavyouzwa Tanzania huidhinishwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa hiyo naomba nakala ya kibali cha vitasa hivi.

Msimamizi wenu alipendekeza nibadilishiwe vyote viwe vya Wi-Fi. Sikubali. Bendi ya 2.4 GHz ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na nyumba yenye wageni imejaa simu na kompyuta. Kitasa cha Wi-Fi hula betri haraka. Tena vingi kati ya hivyo vya bei nafuu hutegemea seva iliyo ng'ambo: intaneti ikikatika, mgeni aliyetoka kushuka mlima anabaki nje na begi lake.

Zigbee, teknolojia nyingine ya aina hiyo isiyo na waya, ningeikubali kama hamna Z-Wave ya 868. Nayo iko kwenye 2.4 GHz, lakini ruta yangu iko chaneli 1, hivyo Zigbee ikipangwa chaneli 25 hawatagongana. Sharti langu ni kwamba fundi aweke plagi za Zigbee zenye umeme wa moja kwa moja kwenye korido na uani, kwa sababu hizo ndizo zinazopokezana ujumbe. Vitasa na sensa za betri hazifanyi kazi hiyo. Na inverta ninayo, kwa hiyo umeme ukikatika usiwe kisingizio.

Ninachodai ni kubadilishiwa vifaa vyote kwa gharama yenu, usafiri wa kutoka Arusha ukiwemo, au kurudishiwa fedha zangu zote. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Vifaa nimevirudisha kwenye maboksi yake, na milango yangu kwa sasa inafungwa kwa funguo za kawaida.

Jina langu na namba ya simu vipo kwenye risiti niliyoambatanisha.

Mteja wenu,
Mmiliki wa nyumba ya wageni,
Shanty Town, Moshi.