Malalamiko: mmetushusha eapoti isiyo yetu na mama yangu kateseka

Kwa idara ya wateja,
2 Machi 2026

Habari zenu. Mimi ni mteja wenu wa ile safari ya meli ya Galveston, Texas, ya tarehe 7 hadi 12 mwezi wa pili, tulikuwa watu wanne, mimi, mume wangu, mwanangu wa miaka 4 na mama yangu mzazi, ana miaka 71, amekuja kututembelea hapa Columbus kutoka Tanga. Nimepiga simu ofisini kwenu mara tano, WhatsApp meseji zinasomwa tiki mbili za bluu halafu kimya, hata pole hatujaambiwa, ndo maana leo nimekaa nimeandika yote mwanzo mpaka mwisho na naomba msome taratibu.

Niseme kwanza kwa nini niliwachagua nyie. Nyie mnajitangaza kwamba mnawahudumia Waswahili wa huku Marekani kwa lugha yetu, na kaka aliyenipokea kwenye simu alinambia "dada usiwe na wasiwasi, kuanzia eapoti mpaka eapoti ni kazi yetu, nyie mje na mabegi tu". Nikafurahi sana kwa sababu ya mama. Mama hajui Kiingereza, magoti yanamsumbua, hawezi kutembea mwendo mrefu, na anatumia dawa za presha kila siku asubuhi. Hayo yote nilimweleza yule kaka na akasema ameyaandika. Ningeweza kukata tiketi ya ndege mwenyewe na meli mwenyewe kwa bei ya chini kidogo, lakini nikalipa kwenu ili kuwe na mtu mmoja anayeona safari nzima. Shirika la ndege halijui habari za meli, watu wa meli hawajui ndege yako inaondokea wapi, anayejua vyote viwili ni nyie peke yenu. Na hapo katikati, kati ya meli na ndege, ndipo mlipotuacha.

Safari ya kwenda nayo haikuwa nzuri. Mama kwenye pasipoti ana majina matatu, lake, la baba yake na la babu yake, kama Watanzania wengi tu, na nakala ya pasipoti niliwatumia. Tiketi mliyoikata ina majina mawili, la babu limeachwa. Huku jina la kwenye tiketi linatakiwa liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho utakachoonyesha kwenye ukaguzi, sasa pale kaunta Columbus saa 11 alfajiri tukawekwa pembeni, dada wa kaunta anapiga simu, anasubiri, anapiga tena, mama ananiuliza "mwanangu nimekosa nini?" na mimi sina cha kumjibu. Dakika 40. Tulikimbia mpaka getini, mume wangu kambeba mtoto, mama anajikokota. Kiti cha magurudumu mlichosema mmeshakiomba hakikuwepo kwenye buking, yule dada alinigeuzia skrini nikaona kwa macho yangu, hakuna ombi lolote. Hiyo huduma mashirika ya ndege wanatoa bure, ni mtu aandike tu kwenye buking, na nyie hamkuandika.

Halafu ile karatasi yenu ya maelekezo mnayomtumia kila mteja. Imeandikwa cheti cha kuzaliwa na leseni ya udereva vinatosha. Hiyo ni kweli kwa raia wa Marekani anayepanda meli inayoanzia na kurudi bandari ile ile, lakini sisi kwenye familia moja tuko wa aina tatu, mume wangu ni raia, mimi nina grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, mama ana viza ya matembezi. Mimi bila grinikadi na mama bila pasipoti yenye viza ya kuingia zaidi ya mara moja, tungerudije? Meli ikishafika Mexico umeshatoka Marekani, kurudi ni kuingia upya. Na huyo raia mwenyewe, tangu tarehe 7 Mei 2025 leseni ya kawaida isiyo na alama ya nyota haihesabiki kama kitambulisho kinachotosha kwenye ukaguzi wa eapoti hata kwa ndege ya ndani, na leseni ya mume wangu haina nyota. Tulinusurika kwa kuwa shoga yangu mmoja wa kazini alishasafiri hivyo akanambia bebeni pasipoti zote na kila kadi mliyonayo. Kuna wateja wenu wangapi wenye mama zao wenye viza wanaoisoma ile karatasi na kuiamini? Wengi wetu tuko hivyo hivyo, nyumba moja karatasi tofauti.

Kwenye meli kwenyewe sina lalamiko. Mama aliiona Cozumel, kile kisiwa cha Mexico, akakaa ufukweni akasema bahari hii rangi yake kama ya kwetu ikiwa imetulia, akanunua chupa ya vanila ya kumpelekea wifi yangu anayepika keki kule Tanga. Nilifurahi sana kumuona vile.

Sasa siku ya kurudi, alhamisi tarehe 12. Karatasi yenu inasema usiku wa mwisho "toeni mabegi yote nje ya mlango wa chumba". Mama ni mtu wa kufuata maelekezo, mimi nikimsomea kitu anafanya hivyo hivyo, akafunga kila kitu kwenye begi kubwa na dawa zake za presha humo humo, mimi nikahangaika na mtoto sikuangalia, begi likachukuliwa saa 4 usiku. Asubuhi saa 1 anataka dawa, dawa iko chini ya meli na mizigo ya maelfu ya watu. Tulikuja kulipata begi bandarini saa 2 na nusu. Sentensi moja tu ingetosha, kwamba dawa, pasipoti, simu, chaja na nguo moja ya kubadilisha vibaki kwenye mkoba wa mkononi. Watu wa uhamiaji hawakuwa na shida, walimpiga picha ya uso, wakaangalia viza yake, nikamtafsiria maswali mawili, wakatupitisha.

Ndege mliyotukatia ya kurudi ilikuwa inaondoka saa 4 na dakika 50 asubuhi. Naomba mtu wa ofisini kwenu akae na ramani. Meli inatia nanga alfajiri, watu wanaanza kushuka saa 1 na nusu huko, wanashuka kwa makundi, na mwezi wa pili Galveston ukungu ni jambo la kawaida, siku nyingine meli zinazuiwa kuingia mpaka ukungu uondoke. Houston, jiji la karibu na bandari tulikotakiwa kupandia ndege, ina viwanja viwili vikubwa vya abiria. Hobby uko kusini, upande wa huku ukitokea Galveston, kama kilomita 65 hivi. Intercontinental uko kaskazini kabisa, ng'ambo ya pili ya jiji, zaidi ya kilomita 110 kutoka bandarini, na njia ni ile barabara kuu ya I-45 inayopita katikati ya Houston asubuhi ya siku ya kazi. Ndege yetu ilikuwa ya Intercontinental. Hata mambo yote yangeenda sawa tusingeiwahi bila bahati, na mimi sikulipa ili niombe bahati.

Na mambo hayakwenda sawa kwa sababu vocha yenu ya basi imeandikwa "bandari ya Galveston kwenda uwanja wa ndege wa Houston". Uwanja upi? Wakati wa kwenda tulitua Hobby na basi lilitutoa Hobby, kwa hiyo mlichofanya ni kukopi ile ya kwenda mkageuza tu mishale, dereva kwenye orodha yake sisi tumeandikwa Hobby. Simlaumu dereva hata kidogo, yeye alifuata karatasi aliyopewa. Akatushusha na mabegi sita, akaondoka, tukaingia ndani, tunatafuta kaunta ya shirika letu hatuioni, namuuliza askari mmoja akaangalia simu yangu akanambia "mama, ndege yenu haiondokei hapa". Ilikuwa saa 4 kasoro dakika 20. Nikawapigia nyie. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mama amesimama, kashika mkono wa toroli la mabegi, miguu imeshaanza kuvimba, na yule mama hasemi kitu, anasema tu "usilie mwanangu, tutafika".

Tukachukua teksi dola 82, zaidi ya kilomita 50 tunakatiza mji mzima, tukafika kaunta ya mizigo ilishafungwa, pale wanafunga dakika 45 kabla ya ndege kuondoka, na ndege ilishaondoka hata hivyo. Wakatuweka kwenye ndege ya saa 12 jioni kwa kulipia nyongeza dola 94 kila mtu, hata mtoto. Kwa haraka ile vanila ya mama ilibaki kwenye mkoba wa mkononi, chupa ya nusu lita, na kwenye ukaguzi hairuhusiwi kimiminika cha zaidi ya mililita 100, ikatupwa kwenye pipa mbele yake. Mnaweza kuona ni kitu kidogo lakini mama aliihesabu ile chupa tangu Cozumel, kila usiku anaiangalia kama haijavuja. Tulikaa pale eapoti karibu saa saba. Kiti cha magurudumu niliomba mwenyewe kwa mdomo, kikaja baada ya muda mrefu, mtoto kalala sakafuni juu ya koti la baba yake. Mimi nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku ule niliikosa.

Ninachodai ni hiki. Nyongeza ya tiketi dola 376, teksi dola 82, na dola 140 nilizowalipa nyie za basi la kwenda na kurudi kwa watu wanne, jumla dola 598, risiti zote nimeambatanisha pamoja na picha ya vocha na ya ile karatasi. Zamu yangu sidai. Nadai pia mbadilishe ile karatasi kabla hamjamtumia mtu mwingine, muandike jina la uwanja na si jina la mji, na msimkatie mtu wa Galveston ndege ya asubuhi ya Intercontinental. Wekeni ya mchana au jioni, watu watasubiri lakini watafika. Mnijibu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Kuna jingine haliwezi kusubiri siku 14. Mama anarudi nyumbani tarehe 9 Aprili, baada ya Idi, na tiketi hiyo mlikata nyie tangu mwaka jana. Columbus, Chicago, Doha, Dar es Salaam, na anasafiri peke yake. Pale O'Hare, uwanja wa ndege wa Chicago, kutoka jengo la ndege za ndani kwenda jengo la ndege za nje unapanda treni. Jana nimeifungua ile tiketi, jina la babu halipo na hapo pia, na kiti cha magurudumu hakijaombwa. Naomba mlirekebishe jina wiki hii, muombe kiti vituo vyote vinne, halafu mnitumie buking iliyorekebishwa niione mwenyewe. Namba yangu mnayo, napatikana mchana wote kabla sijaingia zamu.

Mteja wenu,
kwa niaba ya mama yangu