Tanuri kuukuu la vyungu linakaza chuma, tatizo ni kipimo

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na mafundi wanaonunua matanuri ya umeme ya kuchomea vyungu, yaliyokwisha kutumika, ili wakazie visu na patasi nyumbani, yaani kuvipa ugumu kwa kuvipasha moto mkali kisha kuvipoza haraka. Wengi wao, tanuri likishafika, hukimbilia kubadili koili lipate moto zaidi. Hiyo ni hela ya bure. Moto upo, kinachokosekana ni kipimo cha kuaminika na mlango salama.

Tanuri la namna hiyo mara nyingi huuzwa kwa sababu limechoka, halifiki tena nyuzi 1,200 anazozitaka mfinyanzi. Chuma cha kaboni aina ya 1084 kinataka 815 tu, na chuma aina ya O1 huridhika na 800 hivi. Hata D2, ambacho ni kikaidi, hukazwa karibu na 1,010. Chomoa umeme kwanza, kisha pima ukinzani wa koili. Tanuri lenye kibandiko cha volti 240 na ampea 20 lilianza na omu 12. Ukisoma 14, nguvu imeshuka kutoka wati 4,800 hadi 4,100 hivi, na bado inatosha. Ukisoma 24 kwenye tanuri lenye njia mbili sawa za koili, njia moja imekatika. Koili zilizozeeka usizivute wala kuzikunja zikiwa baridi, zitavunjika.

Matanuri ya zamani huzimwa na koni: koni ya udongo ikilegea, kijiti hushuka na swichi hujizima. Kwa vyungu yatosha. Chuma kinataka joto lifike mahali pake kisha litulie hapo, dakika 10 hivi kwa kisu cha kawaida, na koni haina uwezo huo. Kwa hiyo weka kidhibiti cha PID (kinachosoma joto na kulishikilia pale ulipoagiza), themokapo ya aina ya K (waya wa kupimia joto) na rilei ya semikonda (swichi isiyo na sehemu inayosogea, inayowasha na kuzima koili). Kwa mzigo wa ampea 20 chukua rilei ya ampea 40, uifunge kwenye bamba la alumini lenye mapezi, maana yenyewe hutoa wati 20 hadi 30 za joto. Rilei hizi zikifa, kwa kawaida hufa zikiwa zimejifunga, umeme ukaendelea kupita hata kidhibiti kikiwa kimeagiza uzimwe. Ndiyo maana lazima pawe na kontakta (swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya umeme) kabla yake, inayoachia pale kengele ya kidhibiti ya joto la kupita kiasi inapolia. Anayeiruka ili aokoe fedha tungemshauri asiondoke kamwe karibu na tanuri lake.

Themokapo ndiyo inayoharibu kazi za watu kimyakimya. Ncha yake iingie sentimita 3 hadi 5 kupita ukuta wa tofali, karibu na chuma kinapokaa, isiguse koili. Ukiirefusha kwa waya wa shaba, kidhibiti kitakosea kwa kiasi kilekile ambacho joto la kiungio cha nyaya hizo linazidi joto la kidhibiti: kiungio kikizidi kwa nyuzi 40, utaona 815 wakati ndani ni 855, na chuma kitatoka na chembe kubwa, kivunjike kirahisi. Tumia waya wa aina ya K hadi mwisho. Ukiona namba zinashuka tanuri likipata moto, umegeuza nyaya. Ule hasi huvutwa kidogo na sumaku.

Wapo wanaopima kwa sumaku, eti chuma kikiacha kunasa kimefika. Hilo ni kadirio tu. Chuma chenye kaboni nyingi hupoteza usumaku kabla ya 770, kwa kuwa muundo wake huanza kugeuka karibu na 730, na bado kina safari hadi 815. Afadhali chumvi safi, ambayo huyeyuka kwenye 801. Weka punje chache ndani ya kikombe cha kauri, pandisha nyuzi mbili mbili kuanzia 790, linganisha na namba za kidhibiti, kisha uitoe mara moja kwa sababu mvuke wake hula koili.

Sasa mlango. Matanuri mengi ya vyungu hufunguliwa juu: joto lote linakurukia usoni, na koleo la chuma linapita jirani na koili zenye umeme. Swichi ya mlango ikate kontakta yenyewe, si kidhibiti peke yake, na ganda la tanuri liungwe na waya wa ethi. Ukililaza tanuri ubavu, mfuniko ukawa mlango, koili za upande wa juu zitalegea na kuning'inia. Zishikize kwa pini za waya unaohimili joto hilo. Ukitaka nafasi ndogo ndani, na tanuri likiwa la pete zinazopangwa, ondoa pete moja. Usipunguze nafasi kwa kupanga matofali mbele ya koili, zitajiunguza. Na kama tanuri ni la miaka mingi, vibao na vizibo vyake vinaweza kuwa na asbestosi: usivikate wala kuvisugua kabla havijapimwa.

Hewa ya ndani hula kaboni ya ngozi ya chuma. Acha milimita 0.3 za kusaga baadaye, la sivyo tupa itauma ngozi hiyo laini na utadhani chuma hakikukaza. D2 ifungwe kwenye karatasi ya chuma kisichoshika kutu, kisha ipozwe katikati ya bamba mbili nene za alumini, ikiwa ndani ya karatasi hiyo. 1084 izamishwe kwenye mafuta yenye joto la nyuzi 50 hivi, lita 8 kwa kila kilo ya chuma, ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko, mbali na tanuri.

Kulegeza ugumu kidogo baada ya kupoza, ili chuma kisivunjike, hufanywa kwa nyuzi 200; usifanye humo, hata PID ikiwa imewekwa sawasawa. Koili zenye nguvu hupitiliza joto dogo, na mng'ao wake hulainisha ncha nyembamba kabla tumbo la kisu halijapata moto. Tumia oveni ya jikoni, chuma kikiwa juu ya bamba nene, saa 2 mara mbili, na uanze mara tu kinaposhikika kwa mkono.

Mafundi chuma, wasomaji wenu