Pilates na yoga si zoezi moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie swali linaloulizwa kila siku kwenye jimu zetu: kati ya Pilates na yoga, lipi lina faida zaidi? Wengi hujibiwa kwamba hayo ni mamoja, kwa kuwa yote hufanywa pekupeku juu ya mkeka. Jibu hilo linaumiza watu.

Yoga ilizaliwa India karne nyingi zilizopita, na mikao ya mwili ni sehemu yake moja tu. Pilates ina umri wa miaka mia na kidogo. Ilianzishwa na Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883, ambaye baadaye alihamia New York na kufungua ukumbi wake huko.

Kwenye yoga, mtu huingia katika mkao akatulia humo kwa pumzi kadhaa, misuli ikilegea na kurefuka taratibu. Kwenye Pilates, mkono au mguu huenda na kurudi, na kazi yenyewe ni kukizuia kiwiliwili kisiyumbe. Hata kupumua ni tofauti: yoga kwa kawaida huvuta na kutoa hewa kwa pua, ilhali Pilates huvuta kwa pua, mbavu zikitanuka pembeni, na kutoa kwa mdomo.

Tuchukue zoezi maarufu la Pilates, pampu mia. Unalala chali, unakunja magoti na kuinua miguu mpaka mapaja yasimame wima, kisha unainua kichwa na mabega. Mikono iliyonyooka kando ya mwili inapiga hewa juu na chini: mara 5 ukivuta pumzi, mara 5 ukitoa, mizunguko 10. Kosa kubwa ni kunyoosha miguu mapema. Uzito wa miguu ukiishinda misuli ya tumbo, misuli inayounganisha paja na kiuno huvuta pingili za chini za mgongo, kiuno kinainuka kutoka mkekani, na jioni mtu analalamika mgongo. Kiuno kikianza kuinuka, rudisha nyayo sakafuni. Shingo ikiuma, laza kichwa. Tumbo litaendelea kufanya kazi. Mama aliyejifungua atazame katikati ya tumbo lake: likichomoza kama tuta anapoinua kichwa, misuli bado imeachana, na zoezi hili alisubirishe.

Yoga nayo ina mitego yake. Katika Surya Namaskar, yaani mfululizo wa mikao ya kulisalimu jua, kuna kushuka kutoka mkao wa pushapu. Mabega yakishuka chini ya usawa wa viwiko, mzigo wote huangukia mbele ya bega. Anayeanza aweke magoti chini, hakuna aibu. Katika kuinama mbele, watu hulazimisha vidole viguse sakafu huku magoti yamekazwa, na maumivu yanakuja chini kabisa ya tako, pale misuli ya nyuma ya paja inaposhika mfupa. Sehemu hiyo hupona polepole mno. Kunja magoti kidogo na uiname kuanzia nyonga. Kuunyoosha mgongo kuna maana kuliko kufika chini.

Kwa maoni yangu, watu wengi huchagua kinyume. Mwenye viungo laini hupenda yoga kwa sababu mikao yote inamkubali, kumbe anachohitaji ni nguvu ya kuvishikilia viungo hivyo, na Pilates ingemfaa zaidi. Dereva au karani aliyekakamaa nyonga na kifua hukimbilia pampu mia, wakati angeanza na yoga ya taratibu. Mwenye nafasi afanye yote mawili kwa siku tofauti.

Mkeka nao una sababu zake. Wa yoga uwe na unene wa milimita 4 hadi 6 na ushike sakafu. Mnene zaidi hukuyumbisha unaposimama kwa mguu mmoja. Wa Pilates uwe milimita 10 hadi 15, maana kubiringisha uti wa mgongo juu ya vigae kwa mkeka mwembamba kunaumiza pingili.

Anayetaka kupunguza kitambi asidanganywe na tangazo lolote. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani ya kuongeza mapigo ya moyo, kama kutembea haraka, pamoja na siku 2 za kuimarisha misuli. Madarasa mengi ya Pilates na yoga ya taratibu hayajazi dakika hizo. Kutembea kubaki palepale.

Nawaomba walimu wenzangu wawaulize watu kabla ya darasa, si baada ya mtu kuumia. Mwenye presha isiyodhibitiwa au presha ya macho asikae kichwa chini, wala asibane pumzi. Mwenye mifupa iliyodhoofika aepuke kubiringika na kuinama kwa nguvu mgongo ukiwa umepinda, iwe Pilates au yoga, kwa sababu pingili zinaweza kuvunjika. Mjamzito aliyepita miezi mitatu ya kwanza asilazwe chali muda mrefu. Mlaze ubavu au umwinue kwa mito. Na anayehisi ganzi au maumivu yanayoteremka mguuni asimamishe zoezi hapohapo na amwone daktari.

Mwalimu wa mazoezi ya viungo,
Dar es Salaam