Kristo amefufuka, na Pasaka haiishi kesho asubuhi

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa wangu! Na ndugu zangu wa KKKT, Anglikana, Moraviani na walokole wote, Bwana Yesu asifiwe sana. Kristo amefufuka, amefufuka kweli kweli, aleluya!

Najua meseji zimekuwa nyingi toka Jumamosi usiku, simu ya kila mtu imejaa picha za mishumaa na kaburi wazi, ila hii nimekaa nikaiandika mwenyewe kwa sababu kuna kitu kinanijia moyoni kila mwaka siku kama ya leo, Jumatatu ya Pasaka jioni, pilau limeisha, wageni wameaga, watoto wanatafutiwa soksi za shule na kesho alfajiri watu wanarudi kwenye foleni ya Mbagala na Gongo la Mboto kama kawaida.

Kwaresima tunaihesabu vizuri mno. Toka Jumatano ya Majivu kila mtu anajua tumefika wapi, nani kaacha bia, nani kaacha nyama, na Ijumaa kwenye njia ya msalaba kanisa linajaa mpaka watu wanasimama nje madirishani. Alafu ikifika Pasaka yenyewe, ile tuliyokuwa tunaingoja, tunaisherehekea siku mbili tu basi, Jumanne imeshasahaulika. Wakati Kanisa limetupa siku 50 jamani, kuanzia Jumapili ya Pasaka mpaka Pentekoste, na zile siku 8 za mwanzo, oktava, zinaadhimishwa zote kwa uzito wa sherehe ileile. Yani muda tuliopewa wa kufurahi ni mrefu kuliko muda wa kufunga, na ndo huo tunaouacha upite hivihivi.

Waliokuwepo kwenye mkesha wa Pasaka Jumamosi usiku wataniunga mkono. Moto mpya unawashwa nje, mshumaa wa Pasaka unabarikiwa, una Alfa na Omega na tarakimu za mwaka huu na zile chembe tano za ubani za madonda ya Bwana, alafu unaingizwa kanisani giza totoro, Mwanga wa Kristo, tumshukuru Mungu, mara tatu, na watu wanawashiana mishumaa mpaka kanisa zima linang'aa. Ukija wimbo wa Utukufu, kengele zilizonyamaza toka Alhamisi Kuu zinapigwa zote kwa pamoja na akina mama wanaangusha vigelegele, mi hapo machozi huwa siyazuii. Ila sehemu iliyonigusa zaidi mwaka huu ni pale tuliporudia ahadi za ubatizo. Mbele yangu kidogo alikuwa amesimama kaka mmoja na sare ya ulinzi, buti na kirungu kiunoni, inaonekana alikuwa anawahi zamu, nta inamdondokea kwenye mkono wa shati na wala haangalii, kila padre akiuliza kama tunamkataa Shetani na kama tunamsadiki Mungu anajibu kwa sauti ya juu, namkataa, namkataa, nasadiki. Alinyunyiziwa maji pamoja na sisi akafanya ishara ya msalaba, ilipofika matoleo nikamuona anatoka taratibu kwenda lindo.

Huyo kaka nimemuwaza sana, kwa sababu wengi wetu tunasema nikipata nafasi nitarudi kwa Mungu vizuri, nikimaliza ujenzi, mtoto akivuka kidato cha nne, mkopo ukiisha, na nafasi yenyewe haiji, likiisha hili linakuja lile. Sasa someni Yohana 21 polepole, hata mkiwa kwenye daladala. Bwana ameshafufuka, wanafunzi wameshamuona, na bado Petro anasema naenda kuvua samaki, na wenzake wanamwambia twende wote. Wamerudi kazini! Wakakesha ziwani wasipate hata samaki mmoja, na kulipokucha Yesu alikuwa amesimama ufukoni anawasubiri, ameshawasha moto wa makaa, samaki juu yake na mkate. Hakuwagombeza kwamba wameshika nyavu tena. Aliwaambia watupe upande wa kulia wakapata wakubwa 153, alafu akawaita, njoni mfungue kinywa. Na ilikuwa baada ya kula pale ndo alimuuliza Petro kama anampenda, mara tatu. Hata wale wanafunzi wawili waliokuwa wanaenda kijiji cha Emau, Luka 24, aliwafuata barabarani wakiwa wamechoka na wamekata tamaa, kama kilomita 11, akatembea nao mwendo wao.

Mi naamini mpaka leo anatufuata hivyohivyo, kwenye kibanda cha mama lishe, wodini, kwenye meza iliyojaa mafaili, sokoni Kariakoo. Kwahiyo hizi siku 50 tusisubiri utulivu ambao haupo. Saa sita mchana simamisha kazi kidogo usali Malkia wa Mbingu furahi aleluya, ndo sala yetu badala ya Malaika wa Bwana mpaka Pentekoste, haimalizi hata dakika mbili. Misa za kipindi hiki somo la kwanza ni Matendo ya Mitume, chukueni sura moja kila jioni na watoto wasikilize, ni habari tamu mno, watu wanafungwa magereza na milango inafunguka. Kile kidumu cha maji ya baraka mlichokuja nacho toka mkesha msikifiche kabatini, kiwekeni karibu na mlango, mtu akitoka asubuhi achovye kidole akumbuke alijibu nini Jumamosi usiku. Na Jumamosi sala ya jumuiya ya mtaa jamani, najua ni asubuhi na mapema na mwili umechoka na wiki nzima, ila njooni, watu watano wakiimba sebuleni kwa mtu kabla jua halijawaka sana wanabeba wiki nzima ya wagonjwa na wafiwa wa mtaa wetu.

Nawasalimu kwa namna ya pekee manesi na madaktari mliokuwa zamu usiku wa Pasaka, walinzi, madereva wa mabasi ya mikoani mlioendesha Ijumaa Kuu ili wengine wafike kwao, wadada wa kazi mliopika kwenye sikukuu za watu wengine, na waliofiwa ndani ya Kwaresima hii ambao aleluya inawatoka kwa shida, tunawaimbia sisi mpaka mtakapoweza wenyewe. Na nyie mliobatizwa mkesha huu, hongereni sana, mnatufurahisha mno, msione aibu kutuuliza lolote na msiache kukaa mbele.

Heri ya Pasaka kwenu nyote na majumbani kwenu. Anayetaka tusome Matendo pamoja jioni anipigie, tunaanza kesho baada ya kazi.