Kutu kwenye kamioneti ya zamani: anza na bisibisi, rangi ingoje

Wateja wengi wanaotuletea Land Cruiser za zamani, zile za mfululizo wa 40 zilizoundwa Japani kuanzia 1960 hadi 1984, huuliza kwanza bei ya rangi. Sisi huchukua bisibisi. Tunadunga taratibu chini ya milango, kwenye pembe za sakafu, chini ya kioo cha mbele na nyuma ya matairi. Chuma kizima hukataa, kilichooza hutoboka, hata kama rangi ya juu inang'aa. Na ukiona rangi imevimba, jua kutu iko chini yake: huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana huisukuma rangi juu.

Hapa Goma kutu hupata chakula kingi. Moshi wa volkano ya Nyiragongo una gesi ya salfa, ikikutana na mvua maji yanakuwa na tindikali. Wenye nyumba upande wa Sake, ambako upepo huupeleka moshi huo mara nyingi, wanajua mabati yao yanavyotoboka mapema. Mawe ya volkano hubandua rangi chini ya gari. Kibaya zaidi ni vumbi jeusi: linaingia ndani ya milango, linaziba vitundu vya kutolea maji, linakaa pale likiwa na unyevu wiki nzima. Kwa hiyo kutu nyingi tunazoziona zimeanzia ndani, na ukisugua nje tu zitarudi.

Kijana aliyeachiwa kamioneti na baba yake na anataka kuitengeneza kwa mikono yake, tunamuunga mkono kabisa. Aanze na kusafisha. Toa viti na mikeka, zibua vitundu vyote kwa waya, osha ndani ya milango, acha ikauke. Kisha sugua kwa brashi ya chuma mpaka uone chuma cheupe. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, basi tumia msasa wa maji, vaa barakoa na miwani, na watoto wakae mbali. Vishimo vidogo ambavyo brashi haifiki vitibu kwa dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, halafu paka rangi ya msingi siku hiyohiyo. Chagua kiangazi, Juni hadi Agosti. Chuma kitupu kikilala nje usiku mmoja wa mvua, asubuhi kimeshapata kutu mpya.

Penye tundu, kata mpaka ufikie chuma kizima. Tunasisitiza hili kwa sababu tunabandua mastiki nyingi mno zilizojazwa juu ya kutu, nyingine nene kama chapati. Mastiki hunyonya maji. Kazi yake ni kusawazisha bati lililokwisha kutengenezwa, isizidi milimita 3. Kiraka nacho kisitoke kwenye bati la kuezekea nyumba. Ni jembamba, na zinki yake ikichomelewa hutoa moshi unaomletea fundi homa na baridi usiku.

Kuchomelea ndiko tunakoomba mtuachie. Bati la kabini lina unene wa karibu milimita 1, na mashine ya vijiti vinene hulitoboa papo hapo. Sisi hutumia mashine ya waya, tunagusa nukta moja, tunaruka mbali, tunangoja ipoe, tunarudi. Ukiunganisha mstari mzima kwa mkupuo mmoja, bati linapinda na mastiki itarudi kuficha. Kabla ya cheche yoyote tunatenganisha betri na kuondoa tangi la mafuta.

Chasi ni habari nyingine. Ikiwa na ufa karibu na pale springi zinaposhikwa, kwa mfano, gari lisitembee mpaka fundi mzoefu alione, kwa sababu uzito wote wa mzigo unapita hapo.

Kiraka kikishapakwa rangi, ndani yake tunapuliza nta au mafuta mazito, maana hapo brashi haifiki. Wengi hawaoni kazi hiyo wala hawaiulizi. Sisi tunaiona ndiyo inayookoa mlango.

Ukaguzi wa bisibisi tunaufanya bure asubuhi. Njoo viti na mikeka vikiwa vimetolewa. Tutachora kwa chaki juu ya bati lenyewe sehemu za kukata na za kusugua, nawe utachagua zipi unazifanya nyumbani na zipi unatuachia.