Mjomba, funguo ninazo mimi

Shikamoo mjomba.

Simu zangu hupokei, lakini mjukuu wako anakusomea kila kinachoandikwa humu. Basi na akusomee na hii.

Siku ya arobaini ya bibi, watu wamejaa mkekani, ukasema mtoto wa dada yako anakuzika ungali hai, kisa nimechukua funguo za gari lako. Mengine yote uliyonitukania nimeyasamehe. Hilo limenikaa kooni.

Mbona ya Mikindani hukuwasimulia? Tunatoka sheli, unaingia lami, msimu wa korosho, malori yanafuatana kwenda bandarini. Shingo hukugeuza. Ukakanyaga mafuta tu. Dereva wa lile lori nilimwona kupitia dirisha lako, anapiga kelele, nilimwona mpaka meno. Alipotupita ukaniuliza, "Huyu katokea wapi?" Alikuwepo muda wote mjomba, na taa kawasha mchana kweupe.

Sijachukua funguo kwa sababu una mvi. Wapo wazee wa miaka 80 wanaoendesha vizuri kuliko hawa watoto wa bodaboda. Uingereza ukifika 70 unaomba leseni upya kila baada ya miaka 3. Japani, tangu 2009, mwenye 75 na kuendelea anapimwa kwanza kumbukumbu. Hakuna anayeitwa maiti huko. Anayempima dereva mzee huangalia jicho, shingo, mguu unavyowahi breki, na kichwa kama kinaweza kushika mambo mawili kwa pamoja. Hata vidonge unavyomeza huuliza, na vile vyako vya mafua vinakulaza mpaka kwenye kiti cha barazani.

Unalalamika taa za wenzio usiku zinakuchoma. Huenda ni mtoto wa jicho, na huyo anatolewa, ukarudi barabarani ukatucheka sote. Ila ikiwa ni presha ya macho, hiyo inakula kuanzia pembeni, kimyakimya, huumwi popote, na iliyokula hairudishi. Dawa zinazuia tu isiendelee. Ndiyo maana nakuharakisha. Lori lilitokea pembeni, mjomba!

Gia umenifundisha wewe. Nikizima gari unacheka mpaka kofia inaanguka, halafu unasema, "Washa tena, mama." Na ni wewe uliyemshusha dereva wako njia ya Newala kwa kuwa macho yake yalikuwa mekundu, ukampa nauli arudi kwao. Nilikuwepo. Hakuna aliyesema umemzika. Mimi nimefanya lilelile, tena bila kumwaibisha mtu mbele ya watu.

Jumatatu asubuhi nakuja, twende hospitali ya Ligula ukapimwe macho. Daktari akisema unaweza, funguo nitakukabidhi palepale getini. Korosho zako zitabebwa na guta kwa sasa, nauli juu yangu.

Ila ile kauli nataka uifute kwa mdomo wako, mkekani, mbele ya watu walewale.